Barua ya wazi: Mahindi yaliyokataliwa mpakani huliwa na nani?

Kwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika;
kwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi;
kwa Waziri wa Afya;
na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, Bweyogerere.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Busia, upande wetu wa mpaka. Kazi yangu ni mahindi. Nanunua vijijini, nakusanya stoo, napakia lori, nauza kwa atakayelipa. Mimi si kiongozi wa chama chochote cha wafanyabiashara na hakuna aliyenituma. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kazi hapa, kuanzia kwa mbeba magunia mpaka kwa askari wa geti, na ningependa hao wote waisome barua hii hata kabla haijafika mezani kwenu.

Nina swali moja. Lori la mahindi ya Uganda likikataliwa na Kenya au na Sudan Kusini kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka (aflatoxin), mzigo ule huishia wapi?

Sizungumzii mzigo unaokamatwa ukiingia nchini. Huo tunauona kwenye televisheni: maofisa wamevaa makoti ya kung'aa, juisi na mafuta ya kupikia yaliyopita muda yamerundikwa chini, tingatinga linapita juu yake huku kamera zikipiga. Ni kazi inayohitajika, siidharau. Nauliza juu ya mzigo unaotoka. Yale mahindi yaliyolimwa Masindi, Kiryandongo au Iganga, yakakaushwa hapahapa nchini, yakapakiwa hapahapa, yakafika mpakani, jirani akapima akasema hapana. Lori halipotei hewani. Linageuza kichwa na kurudi kwa barabara ileile, na mahindi ni yaleyale. Mwenye mali ana deni, dereva anadai posho yake ya safari, magunia yana joto. Yeyote anayejua soko la nafaka anajua kinachofuata: mahindi yaliyokosa mnunuzi wa bei nzuri ng'ambo hutafutiwa mnunuzi wa bei ya chini nyumbani.

Nimewauliza madereva, wakaniambia kazi yao ni kupeleka na kurudisha. Mawakala wa forodha nao walisema mwenye mali ndiye anayejua. Sijaona mahali popote ambapo nchi yetu imeandika: lori hili lilirudishwa siku fulani, likapimwa tena, likafanyiwa hivi. Kwa hiyo nawauliza ninyi.

Mtakumbuka yaliyotokea. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania ikisema vipimo vyake vimekuta sumu ya ukungu kupita kiwango. Malori yakasimama Busia na Malaba. Siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti: mwingizaji asajiliwe, aeleze ghala lake lilipo, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya kaskazini. Sudan Kusini ikazuia makumi ya malori ya mahindi na unga wetu kwenye njia ya Elegu na Nimule, kwa sababu hiyohiyo.

Mara zote mbili niliwasha redio na kusikiliza. Nilisikia habari za soko, za ujirani mwema, za itifaki ya soko la pamoja, za hasara ya wafanyabiashara. Mimi ni mfanyabiashara, kwa hiyo nilifurahi kutetewa. Lakini jirani alikuwa ametuambia kwamba chakula chetu kina sumu, nasi tukamjibu kwamba anatuharibia biashara. Yule mama wa Mukono au wa Soroti aliyenunua unga wa kupikia watoto jioni ile hakutajwa na mtu.

Wapo waliosema Kenya inatumia viwango kama fimbo ya kulinda wakulima wake. Inawezekana, siasa za mahindi Nairobi zinajulikana, na mavuno yao yakiwa mazuri mpaka huwa mgumu ghafla. Hata hivyo kiwango chenyewe si cha Kenya. Ni EAS 2, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha mahindi, na sisi tumo ndani ya Jumuiya hiyo. Kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5. Kinasema sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Maana yake ni kwamba mahindi yaliyo haramu Busia ya Kenya ni haramu Busia ya Uganda pia, mita chache tu kutoka pale. Hayawi halali kwa sababu yamegeuza na kurudi. Lori linapokataliwa kihalali ng'ambo, sheria yetu wenyewe ingepaswa kulisubiri getini.

Sasa nani anayakula? Posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage ndicho chakula cha shule za bweni, cha magereza, cha kambi za askari, cha vibarua wa majengo ya Kampala. Mtoto wa bweni anakula posho mchana, anaila tena usiku, muhula mzima, kutoka stoo moja iliyojazwa na mzabuni mmoja. Tajiri wa mjini leo anakula matoke, kesho wali, keshokutwa viazi, na posho akiila ni ile nyeupe ya namba moja iliyokobolewa. Kukoboa kunasaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Shule yenye bajeti nyembamba hununua namba mbili, isiyokobolewa vizuri. Na zile pumba za namba moja tunawapa kuku na ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu nyingine inatokea kwenye maziwa. Ukifuatilia vizuri utaona kwamba mwisho wa safari ni mtoto, kwa njia ya sufuria au kwa njia ya kikombe.

Kuna jambo ambalo ningependa kila ofisa alielewe kabla ya kukataa au kukubali mzigo. Sehemu 10 kwa bilioni ni mikrogramu 10 katika kilo moja. Pigeni hesabu ya lori la tani 30: sumu ya kulifikisha kwenye mpaka wa kiwango ni karibu theluthi ya gramu, haijai hata ncha ya kijiko cha chai. Haionekani, haina harufu, haibadilishi ladha. Kuchemsha hakuiondoi, kusonga posho hakuiondoi, kuchoma hindi juu ya mkaa hakuiondoi. Ndiyo sababu tunaidharau. Mahindi yenye wadudu mnunuzi anayakataa mwenyewe. Haya hayakataliki kwa macho.

Wala si habari mpya kwetu. Dunia ilianza kuijua sumu hii mwaka 1960, pale bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga. Miaka michache tu baadaye, 1966 na 1967, watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula hapa Uganda na kukuta sumukuvu katika karibu asilimia 30 ya hizo. Walichapisha matokeo yao mwaka 1971, wakilinganisha sumu hiyo na saratani ya ini katika maeneo mbalimbali ya nchi. Zaidi ya nusu karne imepita. Jirani zetu wameshazika watu kwa wingi: Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, waliugua 317 wakafa 125, Tanzania mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wakafa vilevile. Kwetu kifo huja polepole kupitia ini, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi. Virusi hivyo viko kwa wingi kaskazini mwa nchi, na kaskazini nako tunalima mahindi. Mgonjwa wa namna hii hafi na mabaki ya posho mdomoni, ndiyo maana hakuna anayekuja kuuliza alikula nini.

Niseme na upande wetu, kwa sababu wafanyabiashara si malaika.

Mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa kuanzia Juni mpaka Agosti, na sehemu nyingi mvua inakuwa bado inarudirudi. Mkulima anahitaji ada ya shule. Anavuna mapema, anapukuchua, anaanika chini kwenye vumbi la ua au kando ya lami, jioni wingu likitanda anayasukuma ndani yakiwa na nusu ya unyevu wake. Mnunuzi anakuja na pikipiki na pesa mkononi. Kipimo chake cha unyevu ni jino: anauma punje, ikilia anasema kavu. Wapo wazee wanaojua kipimo cha chumvi, wanatia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, wanatikisa, chumvi ikiganda ukutani wanajua mahindi bado mabichi. Ni kipimo kizuri na ni cha bure, lakini mnunuzi mwenye haraka hana muda wa chupa. Bei ni moja kwa makavu na mabichi, basi kwa nini mkulima apoteze uzito kwa kuyakausha? Wapo pia wanaonyunyizia maji magunia ili mzani useme vizuri. Hao nawaita wauaji, na kama wapo wanaosoma hapa wanajijua.

Kisha magunia yanapangwa chini, juu ya sakafu ya udongo, bila mbao. Yanapata joto. Yakikaa wiki tatu ndani ya stoo ya bati, kuvu tayari. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuiondoa sumu. Lori likifika Busia, kazi ya uharibifu ilishakwisha zamani. Kumpima mtu aliyepakia tani 30 akiwa getini, mkopo wa benki shingoni, ni kumpima maiti homa.

Nataka kusema hili waziwazi kwa sababu mara nyingi tunasikia serikali ikiahidi mashine zaidi za mpakani. Leteni. Lakini mahali pa kupima ni stoo ya kwanza, pale kwenye senta ya kijiji ambako magunia ya wakulima arobaini yanachanganywa na kuwa mzigo mmoja. Hapo kipima unyevu kimoja kingefanya kazi ambayo maabara kumi za mpakani haziwezi. Mahindi yakiwa na unyevu wa asilimia 17 bado yanaokoleka: yarudishwe kwenye turubai. Baada ya kuvu hayaokoleki.

Na upimaji wenyewe mnaufanyaje? Hapa mpakani si ajabu kuona karatasi mbili za mzigo mmoja zinazopingana: ya kwetu inasema safi, ya ng'ambo inasema chafu. Watu wanakimbilia kusema hongo. Huenda ipo, lakini sababu nyingine ni ya kawaida kabisa. Sumukuvu haisambai sawasawa. Magunia mengi yanaweza kuwa safi, na moja lililolowa kwenye kona ya stoo likabeba sumu ya lori zima. Ofisa akichoma bambo, ule mchuma wa kuchotea sampuli, kwenye magunia matatu ya mlangoni, atapata jibu la magunia matatu ya mlangoni. Mwenzake ng'ambo akichoma mengine atapata jibu lake, na wote wawili watakuwa wakweli. Sampuli ya haki huchukuliwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini ya lori, ikachanganywa, ikasagwa yote, ndipo kiasi kidogo kikapimwa. Nusu nyingine ifungwe kwa lakiri na kuwekwa, ili mwenye mali akibisha ipimwe tena mahali pengine. Hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji ofisa asiyeona uvivu kupanda juu ya lori, na mbeba magunia wa kumsaidia ambaye atalipwa. Siku hizi kuna vile vijikanda vya kupimia vinavyotoa jibu kwa dakika, si siku. Lori lisilokaa siku tano getini likisubiri bahasha kutoka Bweyogerere halitaongeza kuvu yake humo njiani.

Nirudi kwenye uharibifu, kwa sababu hapo ndipo barua yangu ilipo.

Neno "kuharibu" likiandikwa kwenye fomu linaonekana limekwisha. Mahindi si juisi. Ukilipitisha tingatinga juu ya gunia la mahindi umelipasua gunia tu. Punje ziko palepale, zimechanganyika na udongo, na ungo utazitenganisha. Ukiyamwaga jalalani na kuyafukia kijuujuu, usiku watakuja watu na majembe. Siwalaumu, njaa ni njaa. Kiteezi, kabla mlima ule wa takataka haujaporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua makumi ya watu, ilikuwa sehemu ambayo watu waliishi kwa kuokota. Kila jalala kubwa liko hivyo. Hata kuyachoma nje si rahisi kama inavyodhaniwa: rundo la mahindi yenye unyevu huungua juu na kubaki zima katikati.

Zipo njia. Mbegu za mahindi za dukani hutiwa rangi na dawa ili mtu asizile, na kila mkulima Uganda anaijua rangi ile. Kwa nini mahindi yaliyohukumiwa yasitiwe rangi mbele ya mashahidi, saa hiyohiyo, kabla hayajahamishwa hata hatua moja? Yakishatiwa rangi hayauziki, na hapo hatuhitaji tena kumlinda askari asinunuliwe usiku. Kisha yapelekwe kwenye tanuri halisi. Kiwanda cha saruji cha Hima huko Kasese kimekuwa kikichoma maganda ya kahawa kama kuni. Joto la tanuri la saruji halibakishi sumu ya kuvu. Nakasongola lipo tanuri linalochoma dawa zilizopita muda. Najua ni mbali kutoka Busia na mbali zaidi kutoka Elegu, na mafuta ya lori si bure. Basi tupigeni hesabu hiyo hadharani badala ya kujifanya kwamba shimo la mtaa linatosha.

Wengine watawashauri muyaruhusu yawe chakula cha mifugo au yapelekwe kwa wapika pombe. Angalieni sana. Vifaranga hufa kwa sumukuvu haraka kuliko watu, na habari za maziwa nimeshazisema. Kwenye kutonesha pombe kali, sumu haipandi na mvuke. Inabaki kwenye machicha. Halafu machicha wanapewa nguruwe. Kama mnaruhusu njia hiyo, mruhusu kiwanda kilichosajiliwa kinachoweza kuonyesha machicha yake yameenda wapi, si kila mwenye pipa.

Gharama hii nani ailipe? Kwa sasa, mwenye mali akikiri kwamba mzigo wake una sumu anapoteza mahindi, anapoteza nauli, na juu yake anaweza kutakiwa kulipia uharibifu. Mtu wa namna hiyo hatakuja kukiri. Atatafuta njia za panya, au atamtafuta dalali wa kumsaidia kuyaingiza polepole sokoni, magunia ishirini huku, thelathini kule. Magendo ya miaka ile ya sabini yalitufundisha kwamba amri bila njia ya kutokea huzaa biashara ya usiku. Mimi ningetoza tozo ndogo kwa kila lori la nafaka linalotoka nchini, pesa iwekwe kwenye mfuko wake, isiingie Hazina ikapotea. Anayejitokeza mwenyewe kabla ya kupakia, mahindi yake yakapimwa na kukutwa mabaya, mfuko umlipe sehemu ya thamani, hata robo, na ugharamie kuyachoma. Anayekamatwa akiyaficha asilipwe kitu na apelekwe mahakamani. Wenzangu wengine hawataipenda tozo hiyo. Nimewasikia wakilalamika hata kabla sijaandika. Naona ni nafuu kuliko marufuku nyingine kama ile ya 2021.

Msiniambie haiwezekani, kwa sababu mmeshaifanya kwa samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilitufungia mlango zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 sababu ilikuwa wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu ziwani. Viwanda vya mputa, yaani sangara, vilisimama na watu wakakosa kazi. Serikali haikuishia kulalamika. Ukaguzi wa samaki uliwekwa chini ya mamlaka moja inayojulikana, mialo, yaani sehemu za kupokelea samaki ziwani, ikarekebishwa, maabara ikapatikana, na mwaka 2000 mlango ukafunguliwa. Kwa hiyo minofu ya mputa inayokwenda Ulaya tunajua kuipima kuanzia mwaloni. Posho ya mtoto wa Kamuli tunaipima wakati tu inapotaka kuvuka kwenda kwa mtu mwingine, na ikikataliwa tunaikaribisha nyumbani.

Karamoja nayo isisahaulike. Machi 2019 wanawake wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walipewa unga wa lishe wa msaada kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Karibu watu 300 waliugua, wakichanganyikiwa na kuweweseka, na watano wakafa. Baadaye ikajulikana kwamba unga ulikuwa na sumu ya mimea ya jamii ya datura, ambayo mbegu zake zilichanganyika na soya. Unga ule ulitengenezwa nje ya nchi, ukaja na makaratasi yake yote, ukavuka mipaka, ukalala maghalani, na hakuna bambo lililoukamata. Waliogundua ni matumbo ya watu. Shirika lilisimamisha ugawaji nchi nzima, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Nalitaja kwa sababu moja: baada ya wiki chache habari ilihama magazetini, na mwananchi wa kawaida hakupewa mahali pa kwenda kusoma ni shehena ngapi zilikusanywa na zilimalizwa vipi. Ileile tabia. Tunatangaza kukamata, hatutangazi kumaliza.

Katiba ya 1995, ibara ya 41, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2005 kuna sheria ya kuitekeleza. Naitumia hapa. Naomba orodha ya malori yote ya mahindi na unga yaliyorudishwa kutoka Kenya na Sudan Kusini tangu Machi 2021: tarehe, uzito, kipimo, na mwisho wa kila mzigo. Majina ya wenye mali mnaweza kuyafunika. Sitafuti kumwaibisha mtu. Kama orodha hiyo haipo, semeni haipo, nalo ni jibu.

Kwa siku zijazo naomba lori linaporudishwa lipokelewe getini na ofisa wa UNBS pamoja na wa forodha, lifungwe lakiri, lipimwe upya kwa sampuli ya lori zima mbele ya mwenye mali, na matokeo yatolewe kwa maandishi anayoweza kuyasoma. Fomu za kutaifisha ziandikwe kwa Kiswahili pia. Nimeona watu wazima wakiweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza inayochukua mtaji wao wote, na wakiuliza kilichoandikwa wanaambiwa waharakishe. Kiswahili kimo kwenye Katiba tangu marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri mwaka 2022 likasema kifundishwe shuleni kwa lazima. Kianze basi kwenye karatasi hiyo.

Likikutwa chafu, litiwe rangi palepale na lipelekwe kuchomwa, wakiwepo mtu wa afya wa wilaya, mwakilishi wa wafanyabiashara na mwandishi wa habari yeyote atakayetaka kuja. Likikutwa safi, serikali itoke na karatasi yake imkabili jirani kwa nguvu zote, nasi tutakuwa nyuma yenu tukipiga makofi. Leo hatuwezi kumkabili mtu kwa sababu hata sisi hatujui tunachobeba.

Kwa Waziri wa Kilimo peke yake: vipima unyevu na maturubai kwenye senta za ununuzi kabla ya Juni. Si semina. Semina tumekaa, soda tumekunywa, fulana tumevaa.

Kwa Waziri wa Afya na mwenzako wa Elimu, ambaye sikumwandikia ila namjua atasoma: stoo za shule za bweni zikapimwe, hata chache kila wilaya, na matokeo yawekwe wazi kwa wazazi. Najua mnaogopa hofu itakayozuka. Wazazi wataogopa, ndiyo, halafu watauliza unga umenunuliwa kwa nani, na wazabuni watajifunza kupima kabla ya kupakia. Mficha maradhi mnamjua mwisho wake.

Msimu wa kwanza unaanza kuvunwa Juni. Nitakuwa nanunua, kama kila mwaka, na malori yangu yatapanga foleni pamoja na ya wengine. Jibu lenu msiniletee kwa barua. Libandikeni kwenye ubao wa geti la Busia, la Malaba na la Elegu, pamoja na ile orodha.

Wenu katika kazi,

Mnunuzi wa mahindi,
Busia, Uganda